Tupeane uzoefu: lovers rock, ile rege ya mapenzi, ilikuingiaje?

Wadau, salaam. Tukisikia rege ya mapenzi wengi tunasema hiyo Jamaica. Gregory Isaacs na Dennis Brown wametuimbia nyingi tamu, sikatai. Lakini lovers rock yenyewe ilizaliwa London katikati ya miaka ya 1970, na walioibeba ni mabinti wa wahamiaji wa Karibiani. Mwaka 1975 Louisa Mark, akiwa bado mwanafunzi, alitoa "Caught You in a Lie" chini ya mtayarishaji Lloyd Coxsone, bendi ya Matumbi ikipiga vyombo. Jina la lovers rock lilienea kupitia lebo ya Dennis Harris yenye jina hilohilo kule Brockley, kusini mwa jiji. Rege ya Kirasta enzi hizo ilishikwa na wanaume. Kwenye lovers rock kina dada wakapata pa kusemea yao.

Mimi ilinishika Tanga, kwa kaseti ya kaka yangu. Janet Kay, "Silly Games". Pale anapopandisha sauti juu kabisa tulikuwa tunarudisha mkanda kwa kalamu ili kuokoa betri. Haya, mwageni zenu.

Mdau wa Mombasa: Kwangu ni matatu za jioni na Gregory. Hao mabinti ndiyo kwanza nawasikia. Asante sana.

Mdau wa London: Jirani yangu hapa, mama wa Kijamaika, hunisimulia ujana wake. Klabu nyingi za mjini ziliwazuia weusi mlangoni, basi wakawa wanakesha majumbani, wanaita "blues". Makochi yanatolewa nje, spika zinapangwa hadi darini, jikoni kuna mchuzi wa mbuzi na bia za kuuza. Usiku ukikomaa, ikigongwa lovers rock, kila mtu na wake, hawasogei hata hatua mbili. Akifika hapo huwa anafumba macho, na mimi namwacha kwanza.

Mdau wa Arusha: Mimi ni mpiga drum. Kwenye "Silly Games" sikilizeni zile sahani, mkono haupumziki! Ni Drummie Zeb wa bendi ya Aswad. Aliyeutunga na kuurekodi ni Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, na mwaka 1979 ulifika namba 2 Uingereza. Niliufanyia mazoezi hadi wapangaji wenzangu wakalalamika. Mwenye nyimbo za kundi la Brown Sugar atuwekee jamani, ndimo alimoanzia mwimbaji Caron Wheeler kabla ya kuimba na kundi la Soul II Soul.