Komite ya msikiti wetu, nani aliwaruhusu kufuta majina ya wazee?

Asalaam aleykum wana Goma. Nina hasira na sitaificha. Msikiti wetu wa mtaa umekarabatiwa, alhamdulillah: paa jipya, vigae, vipaza sauti. Aliyetoa pesa Mungu amlipe. Lakini pale mlangoni komite imebandika kibao cha marumaru kinachomtaja mfadhili kuwa ndiye mwanzilishi, na mwaka wa ukarabati umeandikwa kama mwaka wa kuanzishwa. Sasa baba zetu walikuwa wakisali wapi?

Ubao wa zamani nimeukuta nyuma ya vyoo. Ni ubao wa mvule, majina ya wazee waliotoa kiwanja na kusimamisha kuta yamechomwa kwa msumari wa moto, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mafundi wameulaza juu ya mapipa mawili, wanasimama juu yake wakipiga lipu. Majina ya mwisho yamezibwa na simenti, hayasomeki tena. Ubao huo huo! Tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano Nyiragongo ulipotapika na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, mama mmoja wa jirani aliutoa akakimbia nao kichwani, vyombo vyake akaviacha viungue. Yupo hai. Ananiuliza ubao uko wapi, nimjibu nini?

Nilipomwuliza mkubwa mmoja wa komite akaniambia mambo ya zamani hayajengi. Hayajengi? Zile kuta ni mawe ya volkano yaliyosombwa kwa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukuma, na akina mama walipandisha maji ya kukorogea simenti kwa mabidoni, toka ziwani, bila malipo. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa siku ya ufunguzi.

Kilichotajwa ni uongo: eti Uislamu huku umeletwa na mashirika ya misaada. Wengi wa wazee wetu walitoka Maniema, mashariki mwa Kongo. Kule Bangwana, yaani Waislamu wasema Kiswahili, walishafika mji wa Nyangwe na misafara ya kutoka pwani kabla mvumbuzi Stanley hajapita 1876, na mji wa Kasongo ndiko Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alikoweka makao. Wabelgiji waliiteka miji yote miwili 1893, na tangu hapo utawala wao ukawatazama Waislamu kwa jicho baya. Dini ikabaki kwa sababu watu waliendelea kufundishana Kurani, mzee kwa mtoto. Ndiyo, misafara ile ilibeba pia bunduki, pembe za ndovu na watumwa. Mmisionari Livingstone alishuhudia watu wakiuawa sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871. Hilo nalo tuwafundishe watoto. Sitaki historia ya kupakwa rangi, iwe ya mfadhili au ya babu zangu.

Kwa hiyo komite inisikie. Ubao urudi ndani kabla ya Ijumaa, na simenti itolewe na seremala anayejua mbao, siyo kijana mwenye patasi. Marumaru imtaje mfadhili kwa ukarabati alioufanya, basi. Halafu kuna daftari la ndoa na mazishi, lilikuwa kwenye kabati lililokuwa linavujiwa. Kabati limetolewa, daftari liko wapi? Anayejua aseme hapa hapa, mbele ya wote. Na mwenye picha ya msikiti kabla ya lava ya 2002 aiweke kwenye uzi huu, hata kama imeungua pembeni.