Gemu za viporo (ninazo ila sijazimaliza) zimenijaa na bado naongeza, nyie mnafanyaje?

Kiporo_Jinja

Wadau habari zenu. Mi niko Jinja, mitaa ya Walukuba, naombeni ushauri wa kweli maana hii kitu imeanza kuninyima raha. Juzi usiku kila kitu kilikuwa sawa, kazi imeisha, mtoto kalala, umeme upo, nikakaa kwenye kompyuta saa tatu kamili nikasema leo nacheza. Nikafungua Steam (duka la gemu za kompyuta) nikashuka na orodha mpaka chini, nikapanda tena, nikaangalia trela mbili, nikasoma maoni ya watu kuhusu gemu ambayo ninayo tangu mwaka juzi, nikahamia Epic (duka jingine kama hilo) nikashuka na orodha ya huko pia. Kucheki saa, saa tano kasoro. Nikazima nikalala. Sikucheza hata dakika moja.

Asubuhi nikachukua kalamu nikahesabu. Steam 61, Epic 118, jumla 179. Nilizomaliza mpaka mwisho ni 14. Yaani 165 zinanisubiri na nyingi sijawahi hata kuzidaunlodi. Za Epic zote zimeingia bure, nilifungua akaunti Mei 2020 wakati ule wa lokdauni walipotoa GTA V bure, na tangu hapo kila wiki nachukua wanachotoa. Hiyo GTA V yenyewe iliyonipeleka huko nimecheza misheni tatu.

Nikaendelea na hesabu. Kwa wiki napata kama saa nne za kucheza, hapo umeme usipokatika. Tuseme kila gemu ni ya saa 10 tu, 165 ni saa 1,650, gawanya kwa nne ni wiki 412, karibu miaka minane, na hapo niwe sijaongeza hata moja. Niliangalia ile karatasi nikaikunja nikaweka mfukoni, sikutaka hata mke wangu aione.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo jamaa wa nje wakitoa ushauri hawayajui. SSD yangu (diski ya kompyuta) ni ya GB 256, Windows na kazi za ofisi zimekula nusu. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka GB 150, hiyo haina pa kukaa. Na bando ndo hizi tunazijua, ushuru wa asilimia 12 umo ndani tangu Julai 2021, kwa hiyo nikidaunlodi gemu ya GB 50 halafu isinishike nimemwaga pesa ya sokoni. Ndo maana naogopa kuchagua, naishia kuangalia tu.

Sasa nauliza, niache kabisa kuchukua za bure? Naanza na ipi? Na mtu anarudi vipi kwenye gemu aliyoiacha katikati? The Witcher 3 niliiacha nikiwa Novigrad (mji wa mle ndani ya gemu), miezi kumi imepita, niliifungua wiki iliyopita nikavamiwa na majambazi watatu njiani nikafa hapo hapo kwa sababu sikumbuki hata kitufe cha kukwepa. Nikaifunga. Iliniuma kweli, ile gemu naipenda.

FundiPadi_Kla

Ssebo pole. Mi natengeneza padi na konsoli hapa Kampala, watu wa aina yako nawaona kila wiki, na nakwambia tatizo lako siyo 165, tatizo ni ile saa moja na dakika hamsini uliyokaa unaangalia. Hiyo ndo ya kutibu.

Hiyo SSD ndogo unayoilalamikia mi naona ndo itakayokusaidia. Acha gemu mbili tu kwenye mashine, moja ndefu moja fupi, zingine zote toa. Halafu pale kwenye laibrari ya Steam kuna kichujio kinachoonyesha zilizoinstoliwa peke yake, kiwashe na kiache hivyo hivyo. Ukikaa saa tatu usiku unaona vitu viwili. Hutapata nafasi ya kushuka na orodha kwa sababu orodha haipo. Ukichoka una ile fupi, ukiwa na nguvu una ile ndefu.

Kuhusu urefu usikisie, nenda kwenye tovuti ya HowLongToBeat, wachezaji wenyewe wanaandika pale walitumia saa ngapi. The Witcher 3 ukifuata stori tu ni kama saa 50, kwa saa zako nne za wiki hiyo ni miezi mitatu. Miezi mitatu na gemu moja nzuri siyo mbaya, kuna watu wanafuata tamthilia ya Kifilipino muda mrefu kuliko huo. Lakini Persona 5 Royal inapita saa 100, kwako hiyo ni nusu mwaka, kwa hiyo ukiianza uianze ukijua. Upande wa fupi kuna Limbo, Inside, Portal, zote unamaliza ndani ya saa tatu nne, na ni nyepesi, Limbo haifiki hata GB moja. Hizi ndo gemu za mtu ambaye umeme wake unakatika, zinasevu zenyewe, stima ikirudi unaendelea karibu na pale pale.

Na bando. Usifute gemu kubwa kienyeji tu, Steam ina sehemu ya kutengeneza bakapu ya faili, weka kwenye diski ya nje, siku ukiitaka unairudisha kutoka pale na unadaunlodi masasisho tu. Pia tangu 2023 mashine mbili zilizo kwenye rauta moja zinaweza kupeana gemu, moja inavuta kutoka kwa mwenzake badala ya kuvuta kutoka intaneti, sharti wewe pia uwe nayo kwenye akaunti na yule mwenzio aruhusu kwenye setingi zake. Mi na jamaa wawili hapa tunafanya hivyo, mmoja anadaunlodi usiku, Jumamosi tunakutana na laptop zetu, GB 40 inahama tukiwa tunakula rolex (chapati ya mayai) na bando imeguswa kidogo tu.

Kasese_Mlimani

Mi nasema acha kuchukua za bure. Nilikuwa na alamu kwenye simu kila Alhamisi jioni, maana Epic wanabadilisha Alhamisi, ikilia nakimbia, hata kanisani kwenye mazoezi ya kwaya nimeshawahi kutoka nje. Niliifuta hiyo alamu na kichwa kikatulia. Kitu ukishakichukua kinakuita, hata kama hukulipia.

FundiPadi_Kla

@Kasese_Mlimani hapo siko na wewe kaka. Kuchukua hakuli data, unabonyeza tu inakaa kwenye akaunti, na mwaka ujao mtoto wake anaweza kuitaka. Siyo kila kilicho ghalani lazima kipikwe leo. Alamu sawa, futa, lakini kuchukua ukikumbuka hakuna ubaya.

Kasese_Mlimani

Kwa mtu ambaye anaweza kuchukua na asifikirie tena, sawa. Kwangu mi kila nikiona idadi inapanda najiona nimechelewa. Kiporo_Jinja amesema anakunja karatasi mke asiione, huyo ni kama mi.

MamaMalaba

Jamani naomba niongee kuhusu kurudi kwenye gemu uliyoiacha, maana hapo ndo mi nilikuwa naumia. Nafanya kazi ya makaratasi ya malori hapa Malaba, kuna wiki foleni inashika sipati hata usingizi, PS4 inakaa na vumbi wiki tatu, nikirudi sijui niko wapi. God of War ile ya 2018 niliianza upya mara tatu. Mara tatu mwanzo ule ule wa kukata mti na kubeba kuni. Mara ya nne nikasema hapana.

Nilichofanya nimenunua daftari la shule, lile la kurasa 48, liko chini ya TV na kalamu imefungwa na uzi ili watoto wasiondoke nayo. Kabla sijazima naandika mistari michache, nimechoka sijachoka naandika. Ngoja nimwandikie kaka hapa ukurasa mmoja kama ulivyo:

"Jumanne. Niko ziwani kwenye mtumbwi, nilikuwa naelekea hekalu la katikati. Shoka linarudi kwa pembetatu. Ngao L1, bonyeza karibu kabisa na pigo siyo mapema. Kuna sanduku moja upande wa kushoto wa daraja sijalifungua, nilikosa rune ya tatu. Yule mtoto ana hasira na baba yake."

Huo mstari wa mwisho ndo muhimu kuliko yote. Vitufe unaweza kuviangalia kwenye menyu, lakini kwa nini nilikuwa naijali hii stori, hiyo menyu haikwambii. Nikisoma "mtoto ana hasira na baba yake" narudi pale pale nilipokuwa, hata kama zimepita wiki tano. Gemu niliimaliza. Niliimaliza saa nane usiku na nikaenda kuwaangalia wanangu walivyolala.

Kaka usiianze Witcher upya. Rudi hapo hapo Novigrad, toka nje ya mji, tafuta maadui wadogo upigane nao nusu saa bila kufuata misheni yoyote. Mikono inakumbuka kabla ya kichwa.

Na kwa wenye PlayStation tu, zile gemu za kila mwezi za PS Plus siyo za kuhesabu pamoja na viporo vyako, unazicheza ukiwa unaendelea kulipia, malipo yakisimama nazo zinajifunga mpaka ulipie tena. Kwa hiyo hizo zipe kipaumbele au zisahau, usizibebe kichwani.

Mzee_wa_Kibanda

Vijana salamu kutoka Arua. Mi nilikuwa na kibanda cha gemu, PS2 nne, TV za mgongo, jenereta nje, nimefanya hiyo kazi miaka mingi kabla simu hazijawachukua watoto. Naomba niseme kitu kuhusu hili neno kiporo mlilolitumia.

Kwenye mpira mechi ya kiporo lazima ichezwe kwa sababu msimamo wa ligi unaisubiri, timu zingine zina mechi 20 wewe una 18, watu wanakudai. Hizo 165 zako nani anazidai? Hakuna msimamo. Na kiporo cha chakula nacho kina siku zake, maharage ya jana na chai asubuhi hakuna kitu kitamu kama hicho, lakini maharage ya wiki iliyopita hayo hayaitwi kiporo tena, ni ya kumwaga. Gemu ambayo uliichukua ukiwa mtu mwingine, na leo ukiangalia jina lake moyo haushtuki, imwage. Hukumkosea mtu.

Sasa nikwambie kuhusu kijana mmoja wa pale kibandani. Nilikuwa natoza shilingi 500 kwa nusu saa. Wengi walikuwa wanacheza GTA San Andreas, na memori kadi za mashine zangu zilikuwa zinajaa haraka, ni MB 8 tu zile, mmoja anafuta ya mwenzake, kesho yake ugomvi. Kwa hiyo wengi walikuwa wanaanza upya kila siku, walijua ule mtaa wa mwanzo wa gemu, Grove Street, kuliko walivyojua njia ya kwenda Koboko, lakini mbele ya hapo hawakuwahi kufika. Huyu kijana yeye alinunua memori kadi yake mwenyewe, akaitoboa pembeni kwa msumari wa moto, akapitisha kamba ya kiatu akaivaa shingoni. Anakuja na 500 yake, anaivua, anaichomeka, nusu saa, anasevu, anaichomoa, anaivaa, anaondoka. Siku ana 500, siku hana. Likizo ile ndefu ya baada ya S.4 (kidato cha nne) alikuja karibu kila siku, na nusu saa nusu saa hizo akafika mwisho. Kibanda kizima kilisimama nyuma yake siku hiyo, nilizima mashine zingine tatu watu waangalie, na sikumtoza.

Wenzake hawakuwa na pesa kidogo kumzidi, wala muda kidogo. Yeye alikuwa na gemu moja shingoni.

Kiporo_Jinja

Wazee na ndugu zangu nimerudi, siku sita zimepita. Mzee wa Kibanda nimesoma ile ya memori kadi mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti, na nikamwonyesha ile karatasi pia.

Nilichofanya: nimetoa kila kitu kwenye SSD isipokuwa Witcher, na nikadaunlodi Portal usiku wa manane. Ni gemu ya 2007 na niliinunua miaka minne iliyopita kwenye ofa kwa pesa ya chapati, sijawahi kuifungua. Nimeimaliza kwa usiku tatu. Usiku wa pili umeme ulikatika nikiwa chemba ya 17, ile unayopewa boksi lenye moyo ulibebe mpaka mwisho, laptop ikaendelea na betri, nyumba nzima giza, mi nimebeba boksi. Halafu wanakwambia ulichome. Nilikaa na lile boksi pale mbele ya moto mpaka betri ikaonyesha asilimia 11.

Alhamisi imepita na sikuchukua ya bure. Fundi usinikasirikie, wiki hii najaribu njia ya Kasese, na wewe ile ya rauta nitakutafuta nikija Kampala mwisho wa mwezi, nina diski ya nje.

Jana nilirudi Novigrad. Nilitoka nje ya mji kama dada alivyosema nikahangaika na mbwa mwitu na wafu wa mtoni kama dakika arobaini, nikafa mara mbili, mara ya tatu mikono ikaamka yenyewe kweli. Daftari ninalo, mtoto kaniazima moja la shule ambalo lilikuwa halijaanzwa. Ukurasa wa kwanza unasema (Geralt ndo ninayemcheza, Ciri ni binti anayemtafuta): "Novigrad, bado namtafuta Dandelion. Kukwepa ni Alt, kubiringika ni spesi. Geralt amechoka lakini hasemi. Ciri hajapatikana."

Leo jioni umeme ukiwepo naendelea.