Mwanangu amekutwa na Duchenne, niko Uingereza kwa viza ya kazi. Nikipigia simu shirika la hisani nitaharibu viza? Naombeni ushauri

Binti_Kilosa

Wakuu habari za humu. Wakubwa shikamooni. Huwa nasoma tu, leo naandika kwa sababu usingizi umekata.

Niko kaskazini mwa Uingereza, nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, viza ya kazi. Nilikuja 2022 na mume wangu na mtoto wetu wa kiume, wakati ule sisi wa kazi hizi bado tuliruhusiwa kuja na familia. Kijana sasa ana miaka 6. Wiki tatu zilizopita majibu ya jeni yalitoka: Duchenne, ugonjwa wa misuli kudhoofika kidogo kidogo. Daktari alieleza taratibu, hakukimbia, lakini baada ya lile jina sikusikia tena kitu.

Nikirudisha mawazo nyuma, dalili zilikuwepo. Alitembea akiwa na miezi 20. Ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Mashavu ya miguu yamejaa, babu yake alikuwa akiyashika anasema huyu atacheza Simba. Akitaka kuinuka sakafuni anapiga magoti kwanza, kisha anaweka mikono kwenye mapaja na kujipandisha nayo mpaka asimame. Nilikuwa nacheka nikidhani ni michezo yake. Mungu anisamehe.

Kabla ya kuja huku tulizunguka naye nyumbani karibu mwaka. Damu ilionyesha vimeng'enya vya ini viko juu, tukaambiwa ini, akanyweshwa dawa za ini. Bibi yake akaongeza mitishamba.

Sasa nesi wa kliniki alinipa kijikaratasi cha shirika la hisani linaitwa Muscular Dystrophy UK, akaniambia niwapigie. Nimekificha kwenye droo ya soksi. Viza yangu imeandikwa wazi kwamba sina ruhusa ya kutumia fedha za umma. Nikiomba msaada kwao si ndiyo nimevunja sharti? Nikikosa viza mtoto nitamtibia wapi?

Mume wangu hataki mtu yeyote ajue. Nikigusia tu anavaa koti anatoka. Mama huko nyumbani kasema ni mkono wa mtu. Na mdogo wangu yuko Morogoro, ana mtoto wa kiume wa miaka miwili, sijapata ujasiri wa kumwambia.

Naombeni mawazo yenu. Matusi sina nguvu nayo kwa sasa.

Mzee_wa_Pugu

Pole sana binti yangu. Marahaba. Sina ujuzi wa mambo ya huko ila nimesoma yote na nitakuombea wewe na mjukuu wangu. Kucheka kwako wakati ule si dhambi, mama hucheka mwanawe akicheza.

Kamba_Mbili

Dada, mimi ningekushauri utulie. Huku ukianza kujiandikisha mashirika jina lako linazunguka kila ofisi. Subirini mpate ukaazi wa kudumu kwanza ndiyo muanze kuomba omba misaada. Nimeona watu wamerudishwa.

Mama_Leicester

Kamba_Mbili nakuheshimu, lakini hapa unampoteza mwenzio. Miaka anayoambiwa asubiri ndiyo miaka ambayo mtoto bado anatembea.

Mdogo wangu Binti_Kilosa, mimi wangu ana miaka 14, Duchenne hiyo hiyo. Niliweka namba yao kwenye simu miezi mitano bila kupiga, na hiyo miezi mitano ndiyo ninayoijutia kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Siku nilipopiga nililia tu. Mama aliyepokea alinyamaza nami mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza jina la mtoto, siyo la ugonjwa. Simu yenyewe ni ya bure.

Nikueleze walivyo. Si ofisi ya serikali. Ni shirika la hisani, lilianza 1959, na linashughulika na magonjwa ya misuli zaidi ya 60, siyo Duchenne peke yake. Watu wenye magonjwa haya Uingereza nzima wanakisiwa kuwa 110,000 na zaidi, kwa hiyo usijione uko peke yako ingawa mtaani kwako huenda hakuna mwingine. Sehemu ya fedha zao inakwenda kwenye utafiti, sehemu inakwenda kwa watu kama sisi.

Kwangu walifanya nini? Shule ilikuwa inasema mwanangu mvivu, hataki kupanga mstari, hataki michezo. Wakanisaidia kupata maelezo ya ugonjwa yaliyoandikwa kwa ajili ya walimu, wakanielekeza namna ya kuomba halmashauri ule mpango wanaouita EHCP, unaoilazimisha shule kumpa mtoto msaada anaohitaji. Mara ya kwanza halmashauri ilikataa hata kumpima. Nilikuwa naachia hapo hapo. Wao ndio walioniambia kukataliwa si mwisho, kuna rufaa, na tukashinda. Wana pia kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi inayomwambia daktari wa dharura mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa huyu. Ile kadi nimeshaitoa mara mbili usiku wa manane, na mara zote mbili daktari kijana aliisoma kabla ya kugusa kitu.

Na walinikutanisha na mama mwingine. Hilo dogo dogo ndilo lililonishika mkono.

Wakili_Mdogo

Nafanya kazi za ushauri wa uhamiaji, nijibu la viza maana hapo ndipo watu wetu wengi wanaumia bure.

"Fedha za umma" kwenye viza si kila msaada unaopatikana Uingereza. Ni orodha maalumu iliyoandikwa kwenye kanuni za uhamiaji. Kisichokuwa kwenye orodha hakikuhusu. Kwenye orodha utakuta Universal Credit yaani ruzuku ya wenye kipato kidogo, Child Benefit yaani posho ya mtoto, posho ya ulemavu wa mtoto yaani DLA, posho ya mlezi yaani Carer's Allowance, nyumba za halmashauri na kadhalika. Matibabu ya NHS, yaani hospitali za serikali, hayamo. Shule ya serikali haimo. Msaada wa shirika la hisani haumo, uwe ushauri wa simu, uwe kiti, uwe hela. Hata msaada wa ustawi wa jamii kwa mtoto mwenye uhitaji, ule wa kifungu cha 17 cha sheria ya watoto ya 1989, haumo kwenye orodha.

Kwa hiyo piga simu dada. Unaweza kupiga leo.

Ninachokuonya ni kimoja: mtu akikuletea fomu ya DLA kwa nia njema, na wataileta, maana nesi au mwalimu hajui viza yako inasemaje, usiijaze kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa au Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure. Hapo ndipo mtu anaharibu bila kujua. Ukipiga simu kwa hao Muscular Dystrophy UK waambie mwanzoni kabisa kwamba una sharti hilo, ili wakueleze vile unavyoruhusiwa tu.

Kamba_Mbili

Nimeelewa Wakili. Nilisema kwa hofu, si kwa ubaya. Dada piga simu.

Viungo_Dar

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niko Dar. Hilo la ini naomba wazazi wote wanaopita humu wasome mara mbili.

Vile vimeng'enya viwili wanavyovipima kwa ajili ya ini, ALT na AST, havitoki kwenye ini peke yake. Vinatoka kwenye misuli pia. Misuli ikivunjika vinapanda. Mtoto wa kiume aliyechelewa kutembea, mwenye mashavu ya miguu makubwa, anayejipandisha kwa mikono, na ALT iko juu, aombewe kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, kabla ya kupewa dawa ya ini hata kidonge kimoja. CK ya kawaida ni mia moja au mbili hivi. Ya mtoto mwenye Duchenne huwa maelfu kwa maelfu. Ni damu tu, mchomo mmoja.

Kwa kijana wako: watakuzungumzia steroidi kama hawajaanza. Zinamwongezea muda wa kutembea na zinalinda kifua na mgongo, lakini zina gharama yake, uzito unapanda, mifupa inakuwa laini. Muulize daktari kuhusu chanjo ya tetekuwanga kabla hajaanza. Akishaanza, zisikatishwe ghafla hata siku zikiisha ukiwa safarini, na akitapika mpaka dawa haikai tumboni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Moyo upimwe kila mwaka hata kama anakimbia. Na siku yoyote atakapohitaji nusu kaputi, hata kwa jino, daktari wa usingizi aambiwe Duchenne. Kuna dawa ya kulegeza misuli inaitwa suxamethonium, kwa watoto hawa inaweza kusimamisha moyo. Nadhani ndiyo sababu ya ile kadi aliyoitaja Mama_Leicester.

Mazoezi: kumnyoosha vifundo vya miguu taratibu kila siku, kuogelea, kucheza akichoka apumzike. Usimlazimishe kupanda ngazi "ili apate nguvu". Misuli hii haijengeki kwa kulazimishwa, inachanika.

Binti_Kilosa

Nimesoma nikiwa zamu ya usiku, nimeingia chooni kulia. Asanteni. Viungo, tulikuwa tunampandisha ngazi makusudi. Kila jioni. Baba yake alikuwa anahesabu.

Na vipi kuhusu mdogo wangu?

Viungo_Dar

Mlifanya kwa upendo, acheni tu kuanzia leo.

Kuhusu mdogo wako. Jeni hili linakaa kwenye kromosomu X, ndiyo maana wavulana ndio wanaougua. Mama anaweza kulibeba bila kujua. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hupata hitilafu mpya ambayo mama hana. Kwa hiyo wewe upimwe kwanza, kliniki yako huko itakupeleka kwa washauri wa jeni. Ukikutwa unabeba, mdogo wako naye anaweza kuwa anabeba, na wewe mwenyewe utahitaji kupimwa moyo mara kwa mara. Ila mtoto wa Morogoro asisubiri majibu yako. Miaka miwili, apimwe CK wiki hii. Ikiwa ya kawaida, mmelala usingizi. Ikiwa juu, mmemwahi kabla hajanyweshwa dawa za ini.

Na hapo utapata pia la kumjibu mama yako. Hakuna mkono wa mtu hapa. Ni herufi zilizokosewa kwenye jeni refu kupita karibu jeni zote za binadamu.

Baba_K

Naomba nizungumze na shemeji kupitia kwako, kama atakubali kusoma.

Shemeji, mimi ni Mkenya, niko Nairobi. Mwanangu alianza kiti cha magurudumu akiwa na miaka 11. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa natoka nyumbani kama wewe. Nilikuwa nakaa ndani ya gari, injini imezimwa. Nilidhani nisiposema neno halitakuwa kweli. Aliyebeba yale niliyokataa kubeba ni mke wangu, na mgongo wake mpaka leo una shida kwa kumbeba mtoto peke yake. Kilichonitoa ni mkutano wa wazazi wa Muscular Dystrophy Society Kenya. Nilienda kumwacha mke mlangoni nirudi, nikamwona mzee mmoja anamlisha kijana wake mkubwa, mwenye ndevu, wanabishana kuhusu mpira. Nikaingia nikakaa. Sikuwa nimejua kwamba kuna mbele.

Zamani vijana hawa wengi hawakupita miaka ya ishirini mwanzoni. Sasa, kwa mashine ya kusaidia kupumua usiku na dawa za moyo, wengi wanafika thelathini na zaidi. Atakuhitaji muda mrefu, shemeji.

Mama_Leicester

Baba_K umeniliza.

Binti, kama mumeo hawezi kupiga simu, mwambie tarehe 7 Septemba. Ni siku ya Duchenne duniani, imechaguliwa hivyo, 7/9, kwa sababu lile jeni lina vipande 79. Familia zinakutana. Anaweza kuja asiongee na mtu.

Binti_Kilosa

Wakuu narudi na mrejesho, ni siku ya tisa leo.

Nilipiga Jumatatu baada ya zamu. Nilianza na sharti la viza kama Wakili alivyosema, yule dada akasema hilo halinizuii kuongea nao, tukaongea karibu saa nzima. Kingereza changu kilikwama mara mbili tatu, hakunikimbiza. Kadi ya pochi nimeomba. Mwalimu nimeshampelekea maelezo ya ugonjwa, kesho yake tu darasa lao likahamishiwa chumba cha chini ili asipande ngazi. Barua ya kuomba EHCP nimeiandika, nitaituma Ijumaa. Fomu ya DLA ililetwa kweli, na mwalimu mwenyewe. Nimeiweka pembeni, nina miadi na mshauri tarehe 14.

Mume wangu nilimpa simu asome ya Baba_K. Alisoma akiwa amesimama jikoni, hakusema kitu. Jana usiku nimemkuta chumbani kwa mtoto amemshika mguu, anamnyoosha kifundo kama nesi alivyoelekeza, kijana kashalala.

Mdogo wangu nilimwambia. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Leo asubuhi amempeleka mtoto kutoa damu ya CK. Majibu wamesema Alhamisi.

Mama_Leicester nimekutumia ujumbe faragha, naomba uangalie.