Rekoda: mhubiri anasikika kwenye hedifoni, kwenye simu anapotea

Mama Kwaya
Wakuu, shikamooni mlionitangulia, wengine habari zenu. Mimi ndiye ninayerekodi ibada kanisani kwetu hapa Njombe. Awali niliiweka rekoda juu ya mimbari, ikanasa mwangwi wa ukumbi na watoto wanaolia. Tukanunua waya, sasa naichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Nikisikiliza kwa hedifoni sauti ipo ya kutosha, ila mhubiri ni kama yuko nyuma ya kichwa changu. Nikiituma kwenye kundi la WhatsApp, waumini wanasema hawasikii kitu. Nimejaribu kwa simu yangu na kweli, inabaki sauti nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Halafu mhubiri akipaza sauti inapasuka, hata nikishusha kiwango hadi 1. Wazee wa kanisa wameanza kusema tununue rekoda nyingine. Shida iko wapi?

Kijana wa Mbezi
Betri hizo dada. Weka mpya.

Mzee Redio
Betri ikichoka rekoda inazima, haichagui simu na hedifoni. 😀 Dada, simu yako huwa inakaa karibu na rekoda?

Mama Kwaya
Iko kwenye mkoba, mbali. Na hakuna ule mlio wa trrr-trrr wa simu ikitafuta mtandao, huo naujua.

Fundi Mikisa
Msinunue kitu kwanza. Jibu matatu: ukisikiliza kwa sikio moja tu inakuwaje? Pini kubwa ya huo waya ina mistari mingapi myeusi? Na umeichomeka tundu gani?

Mama Kwaya
Sikio moja, safi kabisa! Hata lile jambo la nyuma ya kichwa linaondoka. Mistari miwili. Tundu limeandikwa MAIN OUT.

Fundi Mikisa
Basi rekoda haina kosa. MAIN OUT kwenye mikisa nyingi hutoa sauti ileile mara mbili: kwenye ncha ya pini kama ilivyo, kwenye pete ya kati ikiwa imepinduliwa, wimbi la huku likipanda la kule linashuka. Wamefanya hivyo ili waya mrefu usilete kelele. Kifaa kinachopokea hutoa moja katika nyingine, mvumo wa umeme ulioingia pande zote mbili unafutika, sauti inabaki.

Rekoda yako haijui habari hizo. Kwake ncha ni kushoto, pete ni kulia. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata upande wake na ubongo unashindwa kujua mhubiri amesimama wapi. Simu yenye spika moja inajumlisha kushoto na kulia: 1 jumlisha −1. Hapo ndipo mahubiri yanapokwenda.

Kupasuka ni jambo la pili. MAIN OUT ya kikazi iko kwenye volti 1.23 hivi, tundu la maiki linategemea milivolti tu. Kwenye rekoda nyingi ndogo sauti inakuwa imeshapasuka kabla haijafika kwenye kitufe cha kiwango, ndiyo maana hata 1 haisaidii.

Tafuta kwenye mikisa matundu ya RCA, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT. Nunua waya wa RCA mbili kwenda pini ndogo ya stirio. Kwenye menyu ya rekoda badilisha MIC iwe LINE, na uzime ule umeme ambao rekoda hupeleka kwenye maiki. Kama rekoda haina LINE, uliza waya wenye rezista ndani wa kupunguza nguvu.

Bachu wa Tanga
Fundi, samahani nidandie. Yangu inarekodi kushoto tu, kulia kimya.

Fundi Mikisa
Pini yako ina mstari mmoja, sivyo? Hiyo ni mono, yaani ya njia moja ya sauti, imegusisha upande wa kulia na waya wa ardhi. Weka rekoda kwenye mono kama menyu inaruhusu, au badilisha pini.

Mama Kwaya
Mungu akubariki fundi. Nimepata waya wa RCA mjini, leo kwenye mazoezi ya kwaya simu zote zinasikika. Na zile ibada za nyuma ndiyo basi?

Fundi Mikisa
Hapana. Fungua faili kwenye Audacity, ni ya bure. Bofya jina la traki, tenganisha stirio iwe traki mbili za mono, futa moja, hifadhi upya. Usiziunganishe, zitafutana tena. Palipopasuka ndipo pagumu: kilele cha wimbi kilishakatwa, hakuna programu itakayokirudisha sawasawa. Kuanzia sasa mwambie mhubiri apaze sauti kabla ya ibada, upange kiwango kisipite −12 dB kwenye kipimo cha rekoda.

Mzee Redio
Kumwambia mhubiri apunguze ndiyo kazi.

Mama Kwaya
😂 Huyo simwambii. Nitashusha kwenye mikisa.