Matone ya macho makavu: kichupa cha elfu 7 au kisicho na kihifadhi cha elfu 38?

Kimara_Mwisho
Habari za mchana wakuu. Macho yananichoma sana, hasa kuanzia saa tisa alasiri nikiwa kazini. Nahisi kama yana mchanga, halafu jioni yanatoa machozi yenyewe. Leo nimepita famasi wakaniwekea vichupa viwili. Kimoja ni hipromelozi, elfu 7. Kingine ni hayaluroneti ya sodiamu, hakina kihifadhi, elfu 38. Muuzaji anasema yote ni machozi ya bandia, kazi moja. Mwenzangu ofisini ana cha tatu, kinafanya macho meupe ndani ya dakika chache. Kesho mshahara unaingia, nanunua kipi?

Nyumba_Kumi
Mkuu, umetuachia nusu ya habari. Unafanya kazi gani? Unavaa lenzi? Kuna dawa yoyote unameza? Unategemea kudondoshea mara ngapi kwa siku? Umewahi kupimwa macho? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia ramli.

Mama_Hawra
Nunua cha elfu 7, mwanangu. Nakitumia miaka mingi, tone moja asubuhi na moja kabla ya kulala, macho yangu yanashukuru. Hizo bei nyingine watu wanalipia boksi.

Mfamasia_Moro
Mama Hawra yuko sahihi kwa matumizi yake, ila tusimpe kila mtu jibu hilo. Vichupa vingi vya bei nafuu vimetiwa kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi ili vijidudu visizaliane ndani baada ya kufunguliwa. Mara mbili kwa siku, wengi hawapati shida. Ukizidi mara nne, na mwenye macho makavu hufika huko haraka, kihifadhi hicho chenyewe huanza kuichubua ngozi ya juu ya jicho. Unaweka dawa, macho yanachoma, unaongeza dawa.

Halafu angalieni muda. Kichupa chenye kihifadhi ukishakifungua, vingi hutupwa baada ya siku 28, hata kama kimebaki nusu. Vile visivyo na kihifadhi vyenye pampu maalumu, baadhi huruhusiwa hadi miezi 6. Elfu 7 mara miezi sita ni elfu 42, kwa hiyo cha elfu 38 si ghali kama mnavyodhani.

Nyumba_Kumi
Mfamasia, hesabu hiyo siikubali. Tone moja ni mikrolita 30 hadi 50. Kichupa cha mililita 10 kinatoa matone 200 hadi 300 na kidogo. Macho mawili mara nne kwa siku ni matone 8. Kinaisha ndani ya mwezi mmoja au kidogo zaidi! Miezi sita hakifiki hata kwa maombi.

Mfamasia_Moro
Kwa mtu wa mara nne kwa siku, kweli. Lakini akizidi hapo kihifadhi hakimfai, kwa hiyo ushauri haubadiliki, inayobadilika ni bajeti.

Dereva_Tunduma
Mimi nasimama na cha tatu. Nikitoka Dar usiku kwa lori, asubuhi macho mekundu, askari anaweza kudhani nimelewa. Natia kile cha kuweka macho meupe, safari inaendelea.

Shangazi_Upendo
Ndugu yangu dereva, nakuomba uache. Kile kinabana mishipa midogo ya damu ili wekundu usionekane, jicho lenyewe halijalainishwa. Kikiisha nguvu wekundu unarudi, mara nyingi zaidi ya mwanzo, na unajikuta huwezi kukaa bila hicho kichupa.

Lakini ngoja niwaambie kinachoniumiza zaidi. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Ule mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 ulimpata kama ulivyowapata wengi hapa Dar. Akaenda duka la dawa la mtaani, akapewa matone yenye kiuavijasumu pamoja na deksamethasoni. Kesho yake macho yakatulia, akaona amepata dawa ya maisha. Tangu hapo kila macho yakimchoma, na kwa kazi yake yanachoma kila wiki, alirudi dukani na kichupa kitupu, akakionyesha, akauziwa kingine. Hakuna aliyemuuliza cheti wala aliyemwambia kwamba ile deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Sisi nyumbani tulikuwa tunaita "dawa ya macho ya kaka" na watoto waliwahi kuwekewa.

Baadaye akaanza kugonga vitu vya pembeni. Anajikwaa kwenye ndoo, anagonga mlango kwa bega, tunadhani uchovu. Alipopelekwa hospitali presha ya macho ilikuwa juu mno na mshipa wa fahamu wa jicho umekwisha kuharibika. Daktari alieleza kwamba steroidi ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, na inaweza kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho unatolewa kwa upasuaji. Uono uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Leo anaona katikati tu na kila usiku anaweka dawa ya presha ili asipoteze hicho kilichobaki. Naye ana familia. Kwa hiyo mkiambiwa "chukua hiki, kinatuliza", geuzeni boksi. Mkiona jina linaloishia na "sone" au "solone", rudisheni, nendeni kwa daktari wa macho.

Dereva_Tunduma
Pole sana shangazi. Nitasoma boksi la changu leo hii.

Msafiri_Houston
Niongeze kutoka huku Marekani. Kukosa kihifadhi nako kunataka kiwanda safi. Mwaka 2023 matone ya EzriCare, yaliyotengenezwa India na hayakuwa na kihifadhi, yaliondolewa sokoni kwa sababu ya bakteria sugu aina ya *Pseudomonas aeruginosa*. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya huku, ilihesabu wagonjwa 81 katika majimbo 18. 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho, 4 walifariki.

Mfamasia_Moro
Ndiyo maana nasema nunueni famasi yenye kibali, dawa iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, lakiri haijakatwa. Msinunue kwa mtu aliyebeba kwenye begi. Na ncha ya kichupa isiguse kope wala kidole. Nawa mikono, vuta kope la chini, tone moja linatosha, funga jicho taratibu. Kichupa kimoja mtu mmoja, hata mke na mume.

Kimara_Mwisho
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye foleni. Nafanya kazi ya kuingiza data, kutwa nipo mbele ya kompyuta, kiyoyozi kinanipuliza usoni. Navaa lenzi laini. Na cetirizine nameza kila siku kwa ajili ya mafua ya mzio. Naenda na kurudi kwa bodaboda.

Nyumba_Kumi
Ungeanza na hayo! Lenzi ndiyo habari yenyewe.

Mfamasia_Moro
Kabisa. Lenzi laini inafyonza kile kihifadhi na kukibakisha juu ya jicho. Ukitumia cha elfu 7, toa lenzi, weka tone, subiri angalau dakika 15 ndipo urudishe. Kisicho na kihifadhi ni rahisi zaidi kwako, ila soma kama kinaruhusu lenzi. Cetirizine nayo hukausha macho, usiiache kienyeji, muulize aliyekuandikia. Na ukikodolea skrini unapepesa mara chache mno, kwa hiyo geuza hicho kiyoyozi kwanza. Jicho likiuma, likichukia mwanga au uono ukififia, lenzi zitoke na uende kliniki siku hiyohiyo.

Bint_Chwaka
Na sisi tunaofunga? Mimi nikiweka nasikia uchungu kooni.

Mama_Hawra
Kwa madhehebu yetu ya Shafi haifunguzi saumu, jicho si njia ya tumbo.

Ustadhi_Kivule
Wako wanaosema ladha ikifika kooni saumu ina mushkeli, hasa Maliki. Ihtiyati ni kuweka usiku.

Bint_Chwaka
Usiku macho hayanisumbui, ustadhi. Yananisumbua saa nane mchana.

Msafiri_Houston
Baraza la Kimataifa la Fiqhi, kikao cha Jeddah 1997, liliyataja matone ya macho miongoni mwa yasiyobatilisha saumu.

Mfamasia_Moro
Ladha inapita kwenye kimfereji cha machozi kinachoshuka puani. Bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, itapungua sana.

Kimara_Mwisho
Asanteni. Nawaza nianze na elfu 7, lenzi nivae siku za mikutano tu.

Mama_Hawra
Umeona!

Nyumba_Kumi
Hujajibu kama umepimwa. Hizo lenzi ulipata kwa daktari au uliagiza mtandaoni?

Dereva_Tunduma
Nimesoma boksi, ni tetrahaidrozolini. Imeandikwa isizidi nyuzi 25, na mimi huwa naiacha kwenye dashibodi tangu Chalinze mpaka Makambako. Mfamasia, hata hayo machozi ya bandia yanaharibika kwa joto?