Mchagua nazi hupata koroma: ukiwa na zamu ya 5, unachukua mrefu mbichi au kiungo aliyeiva?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kabla hatujatoana macho: drafti ninayoisema si ile ya kete za barazani. Ni drafti ya AFL, mpira wa yai wa Australia, kila Novemba, klabu zinapopanga foleni kuchagua vijana wa miaka 18. Aliyeburura mkia anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Kijana hana la kusema. Akitajwa na klabu ya Perth na mama yake yuko Geelong, anafunga begi.

Ubishi ulianzia kwenye nyama choma Jumapili, hapa Sunshine, magharibi ya Melbourne. Mzee mmoja aliyekuwa akigeuza mbuzi jikoni kasema kwa dharau, "Kumtumia chaguo la juu mtoto mrefu ambaye hajui hata kudundisha mpira ni kucheza kamari kwa hela ya ada." Nyama ikaungua kidogo maana wote tulimgeukia.

Mimi nasema chukua mrefu. Ushahidi wangu ni 2021. Gold Coast walikuwa na zamu ya juu. Kwanza wakamtaja Nick Daicos. Collingwood wakasimama: huyu mwanetu, baba yake Peter aliichezea klabu mechi 250, kanuni ya baba na mwana inaturuhusu. Wakalipa kwa pointi za zamu zao (kila zamu ina thamani yake kwa pointi), wakamchukua namba 4. Zamu ya 5 Gold Coast wangeweza kuchukua kiungo aliye tayari, mathalani Josh Ward, aliyekuja kwenda Hawthorn namba 7. Wakamtaja Mac Andrew, kijana aliyezaliwa Misri kwa wazazi wa Sudan Kusini, takribani mita 2 kwenda juu, mwembamba, jezi imemkaa kama iliyoanikwa kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa na hakika atacheza wapi: nyuma, mbele, au katikati kurukia mpira refa akiudundisha.

Leo ni nguzo ya ulinzi pale Gold Coast. Agosti 2024, dhidi ya Essendon, dakika za lala salama, wakamsogeza mbele. Akadaka juu ya watu, akapiga, wakashinda kwa pointi 1. Viungo waliokimbia kilomita kadhaa siku ile hawakuweza kufanya alichofanya mtu mmoja mwenye mikono mirefu.

Kiungo mzuri anapatikana popote. Mita 2 zenye mbio na akili hazifundishwi mazoezini. Leteni hoja, ushabiki acheni mlangoni.

Mbwa wa Footscray

Mkuu, umechagua mfano unaokupendeza. Acha nikuletee usiokupendeza. Mwaka 2014 St Kilda walikuwa na namba 1. Wakamchukua Paddy McCartin, mshambuliaji mrefu, kwa hoja hii hii yako: warefu ni adimu. Melbourne namba 2 wakamwokota Christian Petracca. McCartin akapata majeraha ya kichwa, moja baada ya jingine, maskini, mpira ukamshinda pale St Kilda. Petracca akabeba medali ya mchezaji bora wa fainali ya 2021. Ile fainali ilichezwa Perth kwa sababu ya korona, na waliofungwa tulikuwa sisi Mbwa, Western Bulldogs. Bado inaniuma, kwa hiyo usidhani nimesahau.

Mwili wa mtoto wa miaka 18 wa mita 2 haujamaliza kukua. Mifupa imetangulia, misuli iko nyuma inaifukuzia. Mwaka huo huo wako wa 2021 Richmond walichukua beki mrefu namba 9, Josh Gibcus. Msimu mzima wa 2023 msuli wa paja ukamweka nje, na 2024 goti likakatika. Si kosa lake. Lakini wewe ndiye umetumia zamu.

Pepo Mwekundu

Mbwa wa Footscray unatuhubiria hatari ya warefu wakati klabu yako 2021 hiyo hiyo ilimchukua Sam Darcy namba 2? Mita 2 na sentimita 8! Au huyo si mrefu kwa sababu ni mtoto wa Luke?

Mbwa wa Footscray

Darcy tulimpata kwa baba na mwana, tulimlipia pointi kwa punguzo. Bei ya jumla na bei ya rejareja ni vitu viwili.

Pepo Mwekundu

Haya. Mimi ni Melbourne damu, na niseme jambo ambalo wenzangu wa klabu hawapendi kulikumbuka. Mwaka 2009 tulikuwa na namba 1 na namba 2 zote mbili. Zote! Tukachukua viungo wawili walioiva, Tom Scully na Jack Trengove. Kila mtaalamu alisema tumemaliza kazi. Namba 3 Richmond wakachukua mtoto mmoja anaitwa Dustin Martin, ambaye baadaye alibeba medali ya fainali mara tatu. Scully baada ya misimu miwili akaenda klabu mpya ya GWS. Trengove mguu ukamsumbua miaka.

Sasa sikilizeni. Katika drafti hiyo hiyo, namba 34, tukamwokota jitu moja refu, Max Gawn. Taratibu kama gari la mchanga. Miaka ya mwanzo alikuwa anauguza goti tu. Huyo ndiye nahodha aliyenyanyua kombe 2021 baada ya klabu kukaa miaka 57 bila ubingwa.

Kwa hiyo naunga mkono mrefu, ila simuungi mkono mleta mada. Kama Gawn alipatikana namba 34, kwa nini nimtumie zamu ya 5? Mrefu mchukue chini, mpe muda. Zamu ya juu ni ya mtu atakayecheza Machi, msimu ukianza tu.

Mleta mada

Ukisema "mchukue chini" unadhani klabu nyingine 17 zimelala. Gawn mmoja hafanyi kanuni. Ungesubiri namba 34 mwaka 2021 umpate Mac Andrew?

Na hapo hapo, ndugu yangu Pepo, mbona huelezi ninyi mlimkosaje? Mtoto alikuwa kwenye akademi yenu!

Pepo Mwekundu

Usinitoneshe kidonda. Kwa wasiojua: kila klabu ilipewa eneo la kulea watoto wa wahamiaji na wa jamii za asili wasiokuwa na njia ya kawaida ya kuingia mchezoni. Mac alikuwa wa akademi yetu. Utaratibu ni kwamba klabu nyingine ikimtaja, wewe uliyemlea unasema "huyu wangu", unalipa pointi, unabaki naye. Lakini 2020 Mbwa walimpata Jamarra Ugle-Hagan kwa njia hiyo, namba 1 nzima, Adelaide wakabaki wanashangaa. Klabu nyingine zikapiga kelele. Ofisi ya ligi ikageuza kanuni: kuanzia 2021 huwezi kumdai wa akademi hiyo akitajwa ndani ya 20 za kwanza. Mac katajwa namba 5. Tulimpungia mkono.

Kunguru wa Collingwood

Na ilikuwa haki! Ninyi ndio mlikuwa mabingwa mwaka ule. Bingwa amenyanyua kombe Septemba, Novemba apewe tena kijana wa tano kwa ubora nchi nzima? Basi drafti ya nini? Wa mwisho watajikwamua lini?

Mbwa wa Footscray

Kunguru, wewe uliyemchukua Daicos usiku ule ule ndiye unatuambia habari ya haki. Kweli dunia ina mambo.

Kunguru wa Collingwood

Baba yake aliitumikia klabu. Kanuni inataka mechi 100, yeye alicheza 250. Urithi si wizi.

Bi Dandenong

Naomba niingie, wanangu, maana mnabishana juu ya watoto kama mnanunua kuku.

Mimi nimetoka Bukavu nikapitia Kakuma. Miaka mingi. Aliir Aliir kazaliwa Kakuma, kambi ile ile ya vumbi, akaja Australia mdogo, Sydney wakamchukua 2013 namba 44. Baadaye Port Adelaide, na 2021 aliingia kikosi bora cha nchi nzima. Siku ile nilimpigia simu dada yangu Nairobi kumwambia, akaniuliza, "Huo ni mpira gani?" Sikuweza kumweleza.

Nawaelezeni kitu ambacho hakimo kwenye pointi zenu. Kijana wangu wa tatu anacheza. Asubuhi ya Jumamosi Julai, Shepley Oval, pua inavuja kwa baridi, nyasi zimekuwa tope. Mpira ule lazima uudundishe au uuguse chini kila mita 15 ukikimbia nao. Ukiuangusha vibaya unaruka pembeni kama chura, maana hauna mduara. Wenzake wamejifunza kwa baba zao nyuma ya nyumba tangu wana miaka minne. Wangu alijifunza kwa kocha wa akademi, aliyekuja na gari lake kumchukua kwa sababu mimi nilikuwa zamu ya usiku. Miezi mitatu alimfundisha kitu kimoja tu: jinsi ya kuuachia mpira mkononi ushuke wima kabla ya kuupiga. Mkono tu! Mguu ulisubiri.

Sasa mkisema klabu ilee miaka minne, halafu mtoto akiwa mzuri kweli kweli achukuliwe na mwingine, akiwa wa kawaida ndiyo abaki kwake, nani atakuja tena na gari Dandenong saa 12 asubuhi? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kanuni ile ilikuwa inawaadhibu waliolea vizuri. Watoto wa Gold Coast wa akademi ya huko hawakuguswa nayo: 2023 klabu ile ilichukua wanne wake katika raundi ya kwanza peke yake. Wanne! Na baba na mwana haikuguswa. Iliyoguswa ni ya watoto wetu na ya watoto wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Mnieleze sababu.

Mleta mada

Nakazia, mama. Na 2022 waliisukuma hadi 40 za kwanza. Kufika 2024 waliiondoa, ndiyo maana Essendon waliweza kumbakiza Isaac Kako wao namba 13.

Kunguru wa Collingwood

Shikamoo Bi Dandenong. Hapo kwa kocha na gari sina jibu. Nabaki na hoja ya bingwa, lakini nakubali ingeanza na sisi wa baba na mwana au ingetugusa wote pamoja.

Tai wa Perth

Ninyi wa Melbourne mnajadili urefu, sisi huku tunajadili nauli. Mwaka 2023 sisi West Coast tulishinda mechi 3 msimu mzima, tukapata namba 1. Kulikuwa na Harley Reid, kiungo, ng'ombe dume wa Tongala kule Victoria, kila mtu anamjua tangu ana miaka 17. Na kulikuwa na Daniel Curtin, mtoto wa hapa hapa, Claremont, mrefu anayecheza kotekote. Nusu ya mtaa ilisema uza namba 1, pata zamu mbili, chukua wa nyumbani, kwa sababu wa Victoria akikaa miaka miwili anaanza kuota mvua za kwao. Kunguru hafugiki (samahani Collingwood, ni methali tu). North Melbourne walimchukua Jason Horne-Francis wa Adelaide namba 1 mwaka 2021, baada ya msimu mmoja akaomba kurudi kwao, Port Adelaide wakampokea.

Tulimchukua Reid. Curtin akaenda Adelaide namba 8.

Mimi nilikuwa upande wa kuuza. Hadi leo sijui kama nilikosea, ila siku Reid alipomsukuma beki wa watu kwa mkono mmoja huku mpira uko kwenye mkono wa pili, nilisimama kitini kabla sijakumbuka msimamo wangu.

Mbwa wa Footscray

Habari ya kurudi kwao inakuzwa. Matt Rowell na Noah Anderson, marafiki wa shule moja Melbourne, Gold Coast waliwachukua namba 1 na 2 mwaka 2019. Wako huko hadi sasa. Anderson nahodha, Rowell kabeba Brownlow, medali ya mchezaji bora wa msimu, 2025. Ukimchukua kijana peke yake ukamweka kwenye timu inayofungwa kila wiki, hata wa mtaa wa pili atahama.

Mleta mada

Na hao wawili ni viungo, najua utasema. Sawa. Nirudi kwenye swali: zamu ya 5, mezani kuna Ward na kuna Andrew, hujui yatakayotokea. Kila mtu aseme jina moja. Mimi Andrew.

Mbwa wa Footscray

Ward. Nalala usingizi.

Pepo Mwekundu

Andrew, lakini kwa sababu alikuwa wetu.

Tai wa Perth

Nauza zamu.

Kunguru wa Collingwood

Andrew. Msimwambie mzee wa nyama choma.

Bi Dandenong

Mimi sipigi kura. Wangu amemwambia kocha anataka kuwa kiungo, hataki kusimama nyuma kama mlingoti. Kocha kamwambia sawa. Viatu tulinunua Februari, namba 13, na jana kaja kuniambia vidole vimeanza kubana.