Mtoto haongei ila anaelewa kila kitu: nimpe programu ya picha au nisubiri?

Mama Wawili
Habari zenu. Kijana wangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Ukimtania anacheka kabla hujamaliza, ila maneno hayatoki. Nimempakulia LetMeTalk kwenye tableti, ile ya kugusa picha ukapanga sentensi ikasomwa. Mambo mawili yananitatiza. Mkono unamtetemeka: akilenga "maji" anagusa "mpira", au anagusa picha moja mara nne. Pili, bibi yake anasema nikimzoesha mashine atabweteka, hataongea kamwe. Kuna aliyepitia hili?

Baba Binti
Hofu ya bibi nilikuwa nayo mimi mwenyewe. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za awali kuhusu njia mbadala za mawasiliano kama hii, na katika kesi 27 zilizokuwa na ushahidi mzuri hakuna hata mtu mmoja aliyepungukiwa usemi. Wengi waliongeza, ingawa kidogo kidogo. Wangu mwenye usonji alitamka "bado" baada ya kusikia kifaa kikiisema labda mara elfu.

Mkono: anza na picha nane kubwa. Kwenye iPad, ingia mipangilio ya ufikivu, uweke kidole lazima kitulie kidogo ndipo mguso uhesabike, na miguso ya kurudiarudia ipuuzwe. Samsung nyingi nazo zina kitu hicho. Ukishapanga picha usizihamishe tena! Kidole hukariri njia, macho yanakuja baadaye.

KidoleKimoja
Nina mtindio pia, miaka 27, jina langu linajieleza. Ubao wangu wa kwanza wa picha ulijaa vitu: mpira, kiti, jua. Wakubwa wananiuliza, "Mpira uko wapi?" Mpira si unauona? Mimi nilitaka "acha", "tena", "sitaki", "njoo". "Si hivyo" nililipata nikiwa na miaka 13. Hebu fikiria miaka yote hiyo watu wanakukisia vibaya na huna la kuwarudishia.

Kwa hiyo mama, usimfanyie mtihani. Gusa picha wewe mwenyewe unapoongea naye, hata asipojibu wiki nzima. Mtoto anayeongea husikia maneno muda mrefu kabla hajasema lake, na wetu hivyohivyo. Na akikosa adabu usimnyang'anye kifaa. Mwenzake akikosa adabu hazibwi mdomo kwa plasta.

Mama Wawili
Hapo kwenye mpira nimecheka, halafu nikanyamaza, maana jana nilimuuliza hilohilo. Swali la mwisho: ile sauti inasoma Kiswahili kama mgeni wa jana. Hacheki, anakunja uso.

Baba Binti
Jaribu Cboard, ni ya bure, na unaweza kurekodi sauti kwenye kila picha. Ila usirekodi yako. Mtafute mvulana wa rika lake, hakuna kijana anayetaka kuongea kwa sauti ya mama yake. Halafu chapisha ubao uleule kwenye karatasi, kwa ajili ya bafuni na siku chaji ikiisha.

Mama Wawili
Mrejesho. Binamu yake amerekodi maneno kumi na mawili, "si hivyo" likiwemo. Leo kijana wangu amelitumia mara tatu, zote akimjibu bibi.